Spana ya Mwanya

Mama alikuwa na kesi na gari langu. Watani wetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mama ni Mpare kamili, ila kesi hii haikuwa na mahakama wala wakili. Yeye ndiye aliyekuwa mlalamikaji, shahidi na hakimu, na hukumu yake ilikuwa fupi: hapandi tena. Akienda kanisani alitembea. Akienda hospitali kule Gonja alipanda bodaboda, amekaa upande, kitenge kimebanwa chini ya mapaja na mkoba umekumbatiwa kifuani, na alipita mbele ya pikapu yangu iliyoegeshwa uani bila hata kuigeuzia shingo.

Pikapu yenyewe ni ya zamani. Mjapani fulani aliitumia akaichoka, ikavuka bahari kuja kumalizia uzee wake kwenye matope ya kwetu milimani, ikibeba tangawizi, mbao, mchanga, wanakwaya, na mara moja kitanda kikiwa na mgonjwa juu yake. Naipenda kuliko inavyomfaa mtu mzima kupenda chuma. Naiosha huku nikiiimbia. Watu wakiniuliza mwanamke na gari wapi na wapi, nawajibu kwamba na wao na akili wapi na wapi, kisha nawapakia hivyohivyo, maana hasira zangu ni za karatasi, zinawaka upesi na kuzima upesi.

Siku ya kosa tulikuwa tunashuka na magunia ya tangawizi nyuma, mama mbele pembeni yangu, anamenya chungwa. Nikakanyaga breki kuingia kwenye kona, na pedeli ikazama mpaka sakafuni bila kukutana na kitu. Nikakanyaga tena, hola. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono mpaka ikalia, nikaielekeza pikapu kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, ikaingiza pua humo na kutulia katikati ya migomba ya watu. Hakuna aliyeumia. Chungwa lilikuwa bado mkononi mwa mama, limemenywa vizuri.

Aliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana. Akashuka, akafunga kilemba upya, akavua viatu akavishika mkononi, akaanza kupanda mlima kurudi nyumbani kwa miguu. Hakunigombeza. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito, kwa sababu mama hunigombeza hata kwa chumvi iliyozidi kwenye makande.

Fundi alikuja na pikipiki, akaingia chini ya tairi la mbele na kutoka na ripoti. Kutoka kwenye mwili wa gari kwenda kwenye tairi kuna paipu ya chuma, na mwisho wa paipu hiyo kuna nati inayoungana na mpira wa breki, ule unaocheza tairi linapokata kona. Pale kwenye ile nati mafuta ya breki yalikuwa yanavuja. Yalikuwa yanavuja kwa sababu mpira ulibadilishwa miezi ya nyuma, na aliyeubadilisha alitumia spana malaya.

Spana malaya, kwa asiyeijua, ni ile yenye mdomo unaopanuka na kusinyaa ukizungusha kigurudumu cha shingoni. Inakubali nati ya saizi yoyote, ndiyo maana mafundi wakaipa jina hilo, na wanalitamka mchana kweupe hata mbele ya wachungaji. Kwa bolti ya mkokoteni haina neno. Lakini nati ya paipu ya breki ni laini, na spana malaya inaishika pande mbili tu tena kwa kulegalega, kwa hiyo ikiteleza inakula pembe zake. Ikitelezeshwa mara ya pili na ya tatu, nati inakuwa mviringo kama shanga. Haikazi sawasawa wala haifunguki.

Wakati fundi ananieleza haya nikampigia mama simu nijue amefika wapi. Mtandao wa kwetu ni wa kubahatisha, na upepo ulikuwa unavuma kwenye simu zote mbili. Akaniuliza gari limepatwa na nini. Mimi kwa kuwa nilikuwa nimefura, nikasema kama fundi alivyosema.

"Limeharibiwa na malaya, mama."

Kisha akauliza, "Malaya wa wapi?"

"Spana, mama. Spana malaya."

"Jina lake sitaki kulijua," akasema, na akakata.

Fundi aliikaza ile nati kwa spana ileile ya dhambi, ikatosha kunirudisha nyumbani kwa gia ya kwanza, kwa kuwa kupanda mlima hakudai sana breki. Nilipoingia uani nikakuta wanawake wa kikundi cha maombi wamekaa kwenye mkeka wakiwa na sura za msibani. Mama alikuwa amewaita. Mwenyekiti wao, mama mzito mwenye huruma nzito zaidi, alinishika mikono yote miwili na kuniuliza kwa upole kama nilimkuta kwa macho yangu. Nikamuuliza nani. Akasema, huyo Spana. Mimi mume sina, nina gari tu, na hilo walilijua. Kwa hiyo walikuwa wamekwisha kufikia uamuzi kwamba huyo mwanamke amekosa mume wa kuniibia ndipo akaniibia breki.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilicheka peke yangu, jambo ambalo halikunisaidia, kwa kuwa walidhani ni mshtuko. Nikakimbia kwenye gari kuleta spana malaya ya kwangu niwaonyeshe. Mwenyekiti aliizungusha kigurudumu, akauona mdomo unapanuka na kusinyaa, na yeye ndiye wa kwanza kuelewa. Alijifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika. Kikundi kizima kikaanguka. Mama peke yake hakucheka. Alisema chuma chenye jina hilo hakilali ndani ya nyumba yake, na tangu siku hiyo spana yangu ililala kwenye banda la mbuzi.

Na kesi ikabaki palepale. Kujua kwamba malaya ni spana hakukubadilisha hukumu. Gari lilimsaliti, kwa hiyo hapandi. Nilijifanya sijali. Ukweli ni kwamba iliniuma. Nusu ya kijiji walikwisha kupanda gari langu, wengine wakipiga ukuta wa nyuma kwa furaha, halafu mwanamke aliyenizaa ananipungia mkono kutoka kwenye bodaboda ya jirani. Nilikuwa naingia ndani na kubamiza sufuria.

Kisha kaka yangu, anayeishi Same mjini, akapata mtoto wa kike na kumpa jina la mama. Ubatizo ukapangwa. Mama alifurahi kiasi cha kuanza kushona kofia za mtoto ambazo zingemtosha hadi shuleni, na papo hapo akaagana na kijana wa bodaboda amshushe bondeni akapande basi. Mvua zilikuwa zimeanza. Njia ile ikilowa, pikipiki inashuka kwa makalio. Nilimwona kichwani mwangu mama wa umri ule, na kitenge chake cha kanisani, akiserereka kwenye tope, na hasira ya karatasi ikageuka kuwa ya mkaa. Nikaapa kwamba siku ya ubatizo mama atashuka mlima akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele, pembeni yangu, kwa hiari yake mwenyewe. Kumlazimisha nisingeweza. Kumlazimisha mama yangu kitu chochote hakujawahi kufanikiwa hata kwa marehemu baba.

Kitu cha kwanza kilikuwa ile nati. Karibu na kanisa kuna kona moja ambako mtandao unakaa, na hapo nilisimama nimeinua simu nikaangalia video ya mtu fulani wa mbali, inayoonyesha mikono yake tu, anafungua nati kama yangu. Spana aliyoshika ilikuwa ringi, ile ya kuzunguka nati yote, ila kwa mbele ilikuwa imekatwa kidogo. Unaipitisha paipu katika ule mkato, unaisogeza hadi kwenye nati, na inaikumbatia karibu pande zote. Ringi ya kawaida haiwezi kuingia kwa kuwa paipu iko njiani. Ya mdomo inaingia lakini inashika pande mbili tu. Hii inaingia na inashika. Niliirudia video hiyo mpaka bando likaisha, nikabaki nimesimama pale natabasamu na simu iliyokufa kama msichana aliyeandikiwa barua.

Nikashuka Same kuitafuta. Kwenye mkoba nilikuwa na kipande cha paipu ya breki chenye nati yake, nilichokatiwa kwenye gari bovu la aina kama yangu, nimekifunga kwenye leso. Spana hainunuliwi kwa macho. Inavalishwa nati, kama kiatu kinavyovalishwa mguu.

Same siku hiyo ilikuwa na upepo wake uleule wa kuvua watu kofia. Duka la kwanza muuzaji alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kitu kama hicho hakijatengenezwa duniani, na akaniwekea mezani spana malaya mpya, bado ina grisi. Nilimwambia hiyo ninayo, inaishi na mbuzi. Duka la pili walikuwa nazo, seti nzima ndani ya mfuko wa kukunja, zinang'aa kiasi kwamba niliuona uso wangu kwenye ile ya namba kumi, saizi ya nati yangu. Moyo ulinidunda. Nikaivalisha nati yangu: ikacheza. Nikaizungusha: ikaruka pembe. Ndugu yangu, ilikuwa nzuri mno, na mwenye duka alikuwa anaisifu kwa maneno matamu, na mimi nilikuwa naona kabisa kwamba haifai na bado mkono hautaki kuirudisha. Niliirudisha kwa nguvu za Mungu. Ikabidi nitoke bila kugeuka nyuma.

Duka la tatu lilikuwa uchochoroni, la vifaa vipya mbele na masanduku ya vyuma vilivyotumika nyuma. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti la buluu, na humo ndani alikuwamo mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuja kutafuta bolti za mkokoteni. Niliwaamkia wote, shikamooni, wakaitikia marahaba. Mwenye duka alipousikia ulimi wangu akahamia Kipare, tukaulizana habari za milimani na bei ya tangawizi, kisha nikaanza kumweleza shida yangu. Nikasema nataka ringi iliyokatwa. Akanionyesha ringi iliyovunjika. Nikasema hapana, si ya kuvunjika, imetengenezwa hivyo, ina nafasi mbele. Akasema nafasi gani. Nikasema ndogo. Akakuna kichwa.

Hapo ndipo niliposema, kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Kaka, mimi nataka yenye mwanya." Na ili aelewe vizuri nikafungua mdomo na kumwonyesha kwa kidole mwanya wangu mwenyewe, huu niliourithi kwa mama, katikati ya meno ya mbele.

Mwenye duka akaniangalia. Polepole, kwa uso unaowiva, naye akatabasamu, na katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya ambao ungeweza kushindanishwa. Nilijisikia damu inapanda hadi masikioni. Akasema kwa adabu sana kwamba anashukuru, ila ana mke, na mke wake ndiye aliyekwenda kumletea chai. Mzee wa Kimaasai alishika meza. Nilijaribu kueleza, nikasema spana, nasema spana, mwanya wa spana, na kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka, na mimi mwisho nikaachia, nikacheka mpaka machozi yakanitoka na leso yangu ilikuwa imefungia nati.

Alipoelewa, alipiga paji lake la uso. Kumbe anazo. Kumbe siku zote zimo kwenye sanduku la nyuma, na watu wa mjini wanamwuliza kwa jina la Kizungu ambalo halijawahi kumkaa kichwani. Akalimwaga sanduku mezani, na kwa muda mrefu wenye raha tukawa watu watatu tunachagua spana, tumeinamia ule mrundo kama wachambua mchele. Nikafungua leso nikatoa paipu yangu. Kila tuliyoiokota tuliivalisha. Nyingine zilikuwa nene, nikazikataa kwa kuwa pale nyuma ya tairi hakuna nafasi ya kugeuza chuma kinene. Moja ilikuwa na mkia mrefu, mwenye duka akasema nzuri hiyo, ina nguvu; nikasema nguvu ndiyo iliyoniponza, nataka fupi, itakayonifanya nisikie nati kabla haijalia. Zikabaki mbili za namba kumi. Moja ilikuwa imepakwa rangi ya fedha na safi. Nyingine ilikuwa nyeusi, nzito, imepigwa nyundo mgongoni na mtu asiyekuwa na subira.

Nilikuwa nimeishika ya fedha, nadhani ule mng'ao wa duka la pili ulikuwa bado umo ndani yangu. Mzee wa Kimaasai akanyoosha mkono, akaichukua, akaichungulia kwenye mwanga wa mlango. Kisha akaushusha mdomo wake wa chini kwa kidole, akanionyesha pale ambapo wazee wa kwao waling'olewa meno mawili ya chini utotoni.

"Huo si mwanya," akasema. "Hilo ni pengo, kama langu."

Tuliangalia tena na kweli. Mkato wa ile ya fedha ulikuwa mpana kiasi kwamba si paipu tu, hata nati nayo ilikuwa karibu itoke. Ukiivuta kwa nguvu, midomo yake ingefunguka na kuteleza kama malaya tu. Ile nyeusi mkato wake ulikuwa finyu. Paipu ilipita ikigusa kidogo pande zote mbili, ikiomba njia, na nati ilipoingia ndani haikucheza hata chembe. Mwanya unaruhusu kinachopaswa kupita. Ukizidi hapo unakuwa pengo. Nikachukua nyeusi, na namba kumi na saba ya kushikilia mpira usijisokote wakati nati inazunguka, na mpira mpya wa breki. Mke wa mwenye duka akaingia na chai wakati mume wake anamalizia kumweleza mzee kwamba huyu dada ndiye mwenye mwanya kweli. Nikaona ni wakati wa kuaga.

Nyumbani nilimwekea mama spana mezani. Akauliza hiyo nayo inaitwaje, huku amerudisha kiti nyuma kidogo, tayari kwa lolote. Nikamwambia ni spana ya mwanya. Mama alivaa miwani. Baba, alipokuwa hai, alikuwa akiwaambia wageni kwamba alivuka mito miwili kwa ajili ya mwanya ule, na mama alikuwa akimwambia anyamaze huku akitabasamu ili wauone. Akaichukua spana, akaingiza kidole kidogo kwenye mkato wake, akaigeuza.

"Hilo angalau ni jina la mtu wa heshima," akasema, na usiku huo spana ililala ndani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio, na uani tulibaki mimi na yeye na kuku. Niliinua gari kwa jeki, nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikavua tairi la mbele. Nati ilikuwa imeloweshwa mafuta ya taa tangu jioni. Nilipitisha paipu kwenye mwanya, nikaisogeza spana mpaka ikakaa, nikaikagua tena kwa kidole, kwa kuwa zile pembe zilizobaki zilikuwa chache na kama zikiondoka hizo, basi. Nikaishika kumi na saba kwa mkono wa kushoto. Nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta tena taratibu, nikisikiliza. Nati ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayekubali kitu asichokitaka, na ikageuka. Nilipiga vigelegele nikiwa chini ya gari. Kuku walikimbia. Mama akatoka jikoni na mwiko kuangalia nani ameolewa.

Mpira mpya ukaingia, nati ikakaza, haikuvuja. Lakini paipu zikiwa zimefunguliwa lazima utoe upepo ulioingia ndani, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja chini anafungua na kufunga, mwingine juu anakanyaga breki. Nikamtazama mama. Mama akatazama barabara kama kuna mtu anakuja. Hakuna aliyekuwa anakuja. Nikamwambia hali ilivyo, nikaongeza kwamba sitamsogeza hata kidogo, tairi lenyewe halipo. Alifikiri kama hakimu anayefikiri. Akasema kesi yake ilikuwa na gari linalotembea. Lililosimama ni kiti tu.

Alivua viatu, akapanda upande wa dereva, ambako hakuwahi kukaa maishani mwake, akanyoosha mgongo na kushika usukani kwa mikono miwili ingawa sikumwambia aushike. Nikaingia chini. Nilimwambia kanyaga, akakanyaga, shikilia, akashikilia, nikafungua, upepo ukatoka ukibubujika kwenye chupa, nikafunga, nikamwambia achia. Baada ya mara chache maneno yangu yalimchosha, akaanza kuimba pambio, akikanyaga penye mkazo na kuachia penye pumzi, na mimi nikajikuta nafungua na kufunga kwa mwendo wa pambio lake. Nilikuwa na mafuta ya breki kwenye nywele na tope mgongoni, na sikumbuki asubuhi nyingine nilipokuwa na furaha ya kipuuzi namna ile.

Halafu pambio likakatika.

"Mwanangu," akaita. "Mguu umefika mahali umegoma."

"Ndiyo breki hiyo, mama."

Akakanyaga tena, bila kuambiwa. Akakanyaga tena. Nilichungulia kwenye mlango aliouacha wazi, nikaona kidole gumba cha mguu wake kikijikunja juu ya pedeli.

"Kumbe siku ile hatukuwa nayo," akasema.

Nilisema ndiyo, hatukuwa nayo. Nikarudisha tairi, nikashusha jeki, nikaizungusha pikapu uani na barabarani, nikikanyaga na kusimama, nikikanyaga na kusimama, mpaka jirani mmoja aliyekuwa anarudi gulioni akauliza kama nimelewa. Mama alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage. Sikumwuliza. Ukimwuliza hakimu hukumu kabla hajawa tayari, unaongezewa miaka.

Jumapili alfajiri kijana wa bodaboda alifika kama walivyokubaliana. Nilikuwa nimewasha gari tangu giza, nimelipangusa, nimetandika kitenge safi kwenye kiti cha mbele, na nimesimama pembeni najifanya nakagua taa. Mama akatoka na nguo zake za kanisani, mkoba, mfuko wa kofia za mtoto, na mkungu wa ndizi wa zawadi. Akaiangalia pikipiki. Akaiangalia pikapu. Nilikuwa nimeshika taa ya mbele kwa nguvu kama itakimbia. Akamkabidhi kijana ule mkungu wa ndizi, akamwambia atangulie nao mpaka stendi ya bondeni, tutamkuta huko, ili asiwe amekuja bure. Kisha akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele na kukaa. Akanambia tunachelewa.

Nilishuka mlima ule kama niliyebeba mayai ya watu wote wa Upare. Kila kona nilikanyaga mapema, na kila nilipokanyaga pedeli ilinijibu. Ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilikuwa inateleza, ukungu umekaa kwenye migomba, na mimi nilikuwa nataka kuimba lakini naogopa kuvuruga jambo. Nilikuwa nawaza la kumwambia tukifika kwenye ile kona. Tulipoifikia nikapunguza mwendo, nikageuka nimtazame. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo umefunguka kidogo, mikono imelegea juu ya mfuko wa kofia. Mama yangu, ambaye hata kwenye basi kubwa hukaa macho akimsaidia dereva kuona, alikuwa amelala fofofo kwenye kona kali kuliko zote, ndani ya gari langu. Machozi yakanitoka huku nacheka kimyakimya, na ikabidi nifute uso haraka ili niione barabara.

Alilala kona zote. Alilala kwenye daraja, alilala tulipopishana na lori la mbao likapiga honi. Barabara ikanyooka, joto la bondeni likaingia dirishani, na ng'ombe wakavuka mbele yetu na mchungaji wao, nikasimama taratibu kabisa. Hapo mama akajisogeza, akavuta kitenge begani, bila kufumbua macho.

"Tukianza kushuka uniambie," akasema, "nianze kuomba."

Tulikuwa kwenye mashamba ya mpunga, na mlima wote uko nyuma yetu. Nikamwambia sawa, mama, nitakwambia.